Nani Alihesabu Maneno?

Ubishi wa lugha ipi tajiri haujawahi kukosa wateja. Kati ya Kiingereza na Kifaransa ndipo umekolea zaidi, maana wenye lugha hizo ni majirani waliotenganishwa na mkono mwembamba wa bahari, wamepigana na kuoana kwa karne nyingi, na kila mmoja alijikatia kipande kikubwa cha dunia akawalazimisha wenyeji kusoma kwa lugha yake. Watetezi wa Kiingereza huja na hesabu. Kamusi kuu ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ina juzuu 20 na vidahizo vinavyokaribia 300,000. Kamusi ya Akademia ya Ufaransa, ambayo toleo lake la tisa lilikamilika mwaka 2024 baada ya miongo kadhaa ya kazi, ina maneno kama 53,000. Basi, wanasema, kesi imekwisha. Watetezi wa Kifaransa hawababaiki. Wanajibu kwamba mwenye maneno mengi huwa hajui alitumie lipi, na kwamba wao wana machache yaliyonolewa.

Nimeusikia ubishi huo huo Kisiwani, wilayani Same, mahali ambapo lugha hizo mbili zote ni wageni. Kisiwani iko chini ya Milima ya Upare, upande wa mashariki, kwenye barabara itokayo mjini Same kwenda Gonja, Ndungu na Kihurio. Mgongoni ina milima, na juu kabisa kilele cha Shengena chenye zaidi ya mita 2,400. Mbele yake ni nyika ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kupandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Wageni wanakuja kuona vifaru weusi na mbwa mwitu. Kwa hiyo kijana wa pale anayesomea kuongoza watalii ana sababu ya kuuliza habari za Kiingereza na Kifaransa ambayo profesa wa Paris hana: anataka kujua mkate wake uko upande gani.

Kijana huyo alimkuta mwalimu mstaafu kibarazani, ungo mapajani, anachambua maharage ya makande. (Makande ndiyo chakula ambacho Mpare hutaniwa nacho nchi nzima, naye hula bila kuona haya.)

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu. Nina swali. Wenzangu chuoni wanasema Kiingereza kina maneno mengi kuliko Kifaransa, kwa hiyo kujifunza Kifaransa ni kupoteza muda. Ni kweli?"

Mzee alitoa punje mbili zilizotobolewa na wadudu akazitupia kuku. "Hao waliohesabu," akasema, "walihesabu nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Wengi wanaoubeba ubishi huu hawana pia.

Tuanze na maji, kwa kuwa Kisiwani kila jambo huanzia na kuishia huko. Chukua kitenzi chetu kimoja, mwaga. Kutoka hapo tunapata mwagia, mwagika, mwagilia, mwagiliwa, umwagiliaji, na mkulima aliyenyimwa zamu yake anaweza kulalamika kwa neno moja tu, "asingenimwagilia", ambalo ndani yake mna mtu aliyekataa, mtu aliyenyimwa, ukanushi na sharti. Mtunga kamusi ya Kiswahili ataandika mwaga na vinyambuliko vichache chini yake, asonge mbele. Mwingereza kwa kazi hiyo hiyo ana maneno manne au matano yasiyofanana hata kidogo, na kila moja lina ukurasa wake katika kamusi. Mfaransa vivyo hivyo. Nani ana maneno mengi hapo? Inategemea unaamua neno ni nini. Kiswahili, na Chasu ambayo ndiyo lugha ya Wapare wenyewe, hujenga neno mdomoni wakati wa kusema. Kamusi huhesabu yaliyokwisha kujengwa tu.

Halafu kuna mapengo, na kila lugha inayo. Kifaransa kina kitenzi kimoja kwa mke na kwa jibini: vyote viwili vinapendwa kwa neno lile lile. Kiingereza kimetenga, kina neno la kupenda kwa moyo na neno la kupenda kwa ulimi. Kiswahili tuko pamoja na Wafaransa, tunampenda mtoto na tunapenda chapati, na hakuna mke wa Kiswahili aliyewahi kudai talaka kwa sababu hiyo. Upande mwingine, Mfaransa ana vitenzi viwili pale ambapo Mwingereza ana kimoja: kujua jambo ni kimoja, kumjua mtu au mahali ni kingine. Sisi tuna jua, fahamu, tambua, elewa, ng'amua, maizi, na tunavichanganya tunavyotaka. Mfaransa hana neno moja la maji yasiyo na kina. Analazimika kusema "yenye kina kidogo", kama sisi. Sijasikia Mfaransa aliyezama kwa kukosa neno hilo.

Ndiyo maana mizani ya "lugha hii ina neno, ile haina" huniacha na mashaka. Hupima kitu, lakini kitu chenyewe ni kidogo. Kinachonivutia zaidi ni kwa nini watu fulani walihitaji kutofautisha hapa na hawakuhitaji pale.

Ukipanda milima hiyo ya Upare utakuta ndiva, bwawa la udongo na mawe lililojengwa juu ya mashamba. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, huachwa yajikusanye humo usiku, wakati hakuna anayemwagilia, na asubuhi ndiva hufunguliwa ili yashuke kwa nguvu, kila mwenye shamba kwa zamu yake. Ndiva ya Manoo, upande wa Vudee na Bangalala, imeandikwa sana na watafiti wa umwagiliaji. Nao wamelichukua neno kama lilivyo: katika maandiko yao ya Kiingereza wameandika ndiva. Walikuwa na kamusi ya juzuu 20 mkononi, na bado hawakupata humo neno linalobeba kwa pamoja bwawa, usiku, zamu na kamati ya wazee. Sioni kwamba hiyo inakipunguzia Kiingereza heshima. Waingereza hawakuwa na sababu ya kulilia maji ya usiku.

Kwenye mfongo wenyewe Kiswahili cha wakulima hakina mchezo. Maji yanabubujika kwenye chemchemi, yanatiririka kwenye mfereji, yanavuja pale ukuta ulipochoka, yanachuruzika kwenye jiwe, yanafurika mvua za vuli zikizidi, yanadondoka mwisho wa zamu. Mtu akisema yanavuja, mwenzake anachukua jembe. Akisema yanafurika, wanakimbia. Kosea kitenzi na shamba la jirani limekwenda. Ukali wa msamiati huo umetokana na ugomvi wa miaka mingi juu ya nusu saa ya maji. Hata jina la hifadhi lina alama hiyo: waongozaji huwaeleza wageni kwamba Mkomazi ni maneno mawili ya Kipare, mko, kijiko kidogo cha mti, na mazi, maji. Nyika yenye maji ya kijiko. Aliyeipa jina alikuwa na kiu.

Sasa turudi kwa hao majirani wawili, kwa sababu historia yao ina jambo ambalo watu wa Same wangelielewa haraka. Kiingereza hakikuzaliwa na maneno yake yote hayo. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari akaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo mabwana walisema Kifaransa, makanisa na ofisi ziliandika Kilatini, na Kiingereza kilibaki kwa mkulima, mpishi na mchunga nguruwe. Kila mwalimu wa lugha hiyo anaupenda mfano wa nyama: mnyama zizini ana jina la Kiingereza, akifika mezani kwa bwana anabadili jina na kuwa Mfaransa. Mfano umechakaa, lakini ni wa kweli. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba maneno ya mahakama, hakimu, kodi, bunge, serikali na gereza yote ni ya upande wa meza, siyo wa zizi. Ukimwambia Mwingereza wa mwaka 1300 kwamba lugha yake itakuja kuwa lugha ya sheria duniani angekucheka. Angesema, na kwa haki kabisa, kwamba haina maneno.

Mwaka 1362, chini ya mfalme Edward III, Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu walikuwa wakishitakiwa na kuhukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Wanasheria nao hawakuwa na haraka, waliendelea na Kifaransa chao cha mahakamani, kilichozidi kuharibika mwaka hadi mwaka, mpaka karne ya 18. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Kiingereza kilipopewa kazi ya mahakama, kilichukua maneno ya Kifaransa yaliyokuwepo na kuyafanya yake. Kwa hiyo anayesema Kiingereza kina maneno mengi kuliko Kifaransa anapaswa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya wingi huo ni Kifaransa kilichohamia. Anapima mali ya mtu pamoja na alichoazima kwa jirani, kisha anamcheka jirani.

Na hapa ndipo milima yetu inapoingia. Ukiendelea na barabara ile ya Kisiwani mpaka Kihurio, Milima ya Usambara inakuwa mbele yako. Huko wanaishi Wambugu, ambao masimulizi yao yanasema walipitia Upareni kabla ya kufika huko. Lugha yao imewasumbua wataalamu kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1971 Morris Goodman aliiandikia makala akaiita kisa cha ajabu, na mwaka 2003 Mholanzi Maarten Mous akatoa kitabu kizima juu yake. Wambugu wana sarufi moja, iliyo karibu sana na ya Kipare, lakini wana misamiati miwili. Wa kwanza ni wa kawaida, ambao Mpare atauelewa kwa sehemu kubwa. Wa pili ni wa ndani, na maneno yake mengi yana asili ya Kikushi, jamaa ya Kiiraqw, mengine ni ya Kimasai. Mzee ni mzima upande mmoja na mwagiru upande wa pili. Mti ni mti, au ni mhatu. Viambishi ni vile vile, mpangilio wa sentensi ni ule ule, na mtu anaweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kubadili fikra.

Kama wingi wa maneno ndio uwezo wa kueleza, basi Wambugu wangekuwa na uwezo mara mbili ya Wasambaa na Wapare wanaowazunguka. Hawadai hivyo. Mhatu haina tawi moja zaidi ya mti. Msamiati wa ndani unafanya kazi nyingine: unamwambia msikilizaji, mimi ni Mmbugu na wewe pia. Ni lugha ya kujua nani wetu. Nadhani hilo ndilo jambo kubwa ambalo ubishi wa Kiingereza na Kifaransa hulificha. Maneno mengi yaliyo pacha katika Kiingereza, moja la kienyeji na moja la Kifaransa, yanataja kitu kile kile, na tofauti yake ni nani anayesema na amevaa nini. Ndiyo maana mtu wa kwetu akitaka mkopo benki huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kiingereza. Riba haikukosa jina kwa Kiswahili. Kiingereza pale kazi yake ni ile ile ya msamiati wa ndani wa Wambugu.

Ukichunguza maneno ya dola peke yake utaona jambo la kuchekesha. Kiswahili chetu kimeyapata mahali pale pale Kiingereza kilipoyapata, yaani kwa aliyekuwa na nguvu. Sheria, mahakama na hakimu vimetoka Uarabuni. Serikali imetoka Uajemi. Shule ni ya Wajerumani, na ndiyo maana Zanzibar, ambako Mjerumani hakutawala, wanasema skuli. Hela pia ni ya Mjerumani. Vuka Ziwa Tanganyika uingie Kongo na utasikia serikali ikiitwa leta, Kifaransa cha Mbelgiji kilichovaa kanga, na dereva anaitwa shofere. Mtu wa Bukavu na mtu wa Kisiwani wanaelewana vizuri mpaka wafike kwenye habari za serikali, ndipo kila mmoja anatoa neno la mtawala wake.

Lakini neno la mtawala linaweza kugeuzwa. Upareni tunalo moja. Miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza ulileta kodi ya kupanda kulingana na mali ya mtu, ikakadiriwa chini ya watawala wa jadi, ikaitwa mbiru. Kwa Kiingereza cha ofisini jambo lenyewe lilisikika la haki kabisa: mwenye kingi atoe kingi. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaenda Same, wakakaa nje ya ofisi za wilaya, wakakataa kuondoka. Baadaye wanawake nao wakaingia. Hatimaye kodi ile iliondolewa. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, alipoandika kitabu chake juu ya mgomo huo hakutafuta jina la Kiingereza la kuuita. Aliuita Mbiru. Faili za wilaya zilikuwa na maneno mengi ya kuieleza kodi hiyo, yote sahihi, na hakuna hata moja lililomwinua mtu kutoka kwenye kigoda chake. Mbiru ilijaza uwanja wa Same.

Ukiniuliza uwezo wa kueleza ni nini, ningeanzia hapo, kabla ya kamusi yoyote.

Miaka 659 baada ya ile sheria ya Edward III, Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zepharine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Ni hoja ile ile ya wanasheria wa London, na ina ukweli ule ule: lugha ambayo haijafanya kazi fulani haina zana za kazi hiyo. Anayetaka ipate zana kwanza ndipo ipewe kazi anajua fika kwamba siku hiyo haitafika. Mimi nimekaa kwenye benchi la mahakama ya mwanzo na kusikia shauri la mpaka wa shamba likisemwa kwa Kiswahili na wazee wasiojua kuandika, na sikuona neno lililopungua. Lilikosekana tu pale jalada lilipopanda ngazi likageuka Kiingereza, na mwenye shamba akabaki akimtazama wakili mdomoni.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi. Wataalamu wetu walitunga tarakilishi kwa ajili ya kompyuta, na neno likabaki kwenye orodha. Watu wanasema kompyuta. Kishikwambi nacho kiliwachekesha watu kiliposikika mara ya kwanza, lakini ilipofika sensa ya mwaka 2022 makarani walikuja mlangoni navyo, redio ikavitaja kila siku, na tangu hapo hata bibi wa Kisiwani anajua kishikwambi ni nini. Wafaransa walipitia njia hiyo. Neno lao la kompyuta lilipendekezwa mwaka 1955 na profesa Jacques Perret, kwa sababu kampuni ya IBM ilikuwa na mashine ya kuuza Ufaransa na ilihitaji jina. Halikubuniwa kwa ajili ya fahari, lilibuniwa kwa ajili ya ankara, na limedumu.

Hata hivyo sitaki nimalize kana kwamba Kiswahili ni yatima anayedhulumiwa na Wazungu wawili. Kifaransa kilichosanifiwa na kulindwa kililipiwa na wengine. Mwaka 1794 Abbé Grégoire alilipelekea bunge la mapinduzi ripoti juu ya haja ya kuziangamiza lugha za mikoani, na watoto wa Brittany walikuja kuvishwa alama ya aibu shuleni kwa kosa la kusema Kibretoni. Mwafrika aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yake akisoma hayo anajiona. Lakini akitazama vizuri atajiona pia upande wa pili. Kaskazini mwa Upare, huko Ugweno, kuna Kigweno, lugha ya jamii ndogo iliyo karibu na Kichaga. Kinapungua. Watoto wanakulia katika Chasu na Kiswahili. Nacho Chasu, chenye nguvu mbele ya Kigweno, ni mnyonge mbele ya Kiswahili. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuviua. Ni kwamba hatukuvipa kazi: si shuleni, si redioni, si kwenye mabango ya zahanati. Sisi tunaolia kwamba Kiingereza kinatunyima sekondari ndio tunaomwambia mtoto aseme lugha ya watu mbele ya wageni.

Najua jibu litakalokuja. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 haiwezi kuendesha ofisi kwa zote, na Kiswahili kimetuunganisha kuliko kitu kingine chochote. Nakubali, na mtu aliyesafiri mpaka Goma au Mombasa bila mkalimani hawezi kukibeza. Ila kuwa na lugha moja ya taifa hakukutulazimisha kuyadharau maneno ya maji ya Upareni. Hayo tuliyafanya bila kuambiwa na sheria yoyote. Tena hasara inaanza kuonekana: mtaalamu wa umwagiliaji anafika na mchoro, anawaambia wazee kuhusu "miundombinu", na wazee wanatikisa kichwa kwa adabu. Baadaye wanakaa peke yao, wanasema kwa Chasu kwamba mchoro umesahau usiku.

Rwanda imetoa somo la namna yake. Oktoba 2008 serikali iliamua shule zihame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mwaka uliofuata nchi ikaingia Jumuiya ya Madola. Miaka kumi baada ya uamuzi huo Mnyarwanda Louise Mushikiwabo akachaguliwa kuongoza shirika la nchi zinazosema Kifaransa. Hakuna aliyeketi Kigali akapima lugha ipi ina maneno matamu zaidi. Walipima majirani, biashara na kinyongo. Wananchi wenyewe siku zote hizo waliendelea kugombana, kubembelezana na kuzikana kwa Kinyarwanda.

Mwalimu wa Kisiwani hakumweleza kijana yote haya. Alimwuliza wageni wanaoingia Mkomazi kwa lango la Zange wanasema lugha gani. Kijana akasema wengi Kiingereza, lakini Wafaransa na Wabelgiji wapo, na waongozaji wanaowamudu ni wa kutafuta kwa tochi. Mzee akauweka ungo chini.

"Basi soma Kifaransa, mwanangu. Kiingereza wenzako wanacho tayari. Na kabla hujarudi chuoni, nenda ukamsaidie bibi yako kwenye mfongo wiki mbili, uyajue maji yanavyoitwa. Mgeni atakuuliza."

Ushauri ule ulikuwa wa mtu anayejua bei ya vitu, na sina cha kuupunguza. Ningeongeza ombi moja, kwa walimu wa Same na Mwanga. Shule zenu zimezungukwa na wazee waliosimamia ndiva na mifongo maisha yao yote. Wapeni wanafunzi madaftari waende kuyaandika maneno ya wazee hao, ya Chasu na ya Kigweno, pamoja na maana na matumizi, mwaka huu, kabla ya mavuno. Daftari la kaunta dukani si ghali, na wazee hao wangali wanakaa kibarazani.